Kabla ya kuuliza nguo ina urefu gani, uliza imekufikiaje



Ndugu yangu, na wewe dada yangu unayesoma hapa, leo nataka tuzungumze juu ya nguo. Najua umeshajiandaa kusikia habari ya kubana, kuonyesha na kuburuza. Hayo yamesemwa sana kwenye mimbari na yataendelea kusemwa, na mahali pake ni hapo. Leo nina swali jingine. Hiyo nguo imefikaje mwilini mwako? Kitambaa kilikuwa cha nani? Fundi amelipwa? Jina lililoshonwa kifuani ni la nani, na nani aliruhusu lishonwe? Picha iliyokufanya uitamani ilikuwa ya nguo hiyohiyo, au ilikuwa ya nguo nyingine kabisa?

Nauliza kwa sababu mtu anaweza kuvaa baibui linalofunika mpaka vidole vya miguu, na ndani ya baibui hilo umo ujira wa mtu haujalipwa. Anaweza kuvaa kanzu nyeupe ya Idi, na kanzu hiyo imeshonwa kwa yadi zilizopunjwa kwenye kitambaa cha mteja mwingine. Mwili umesitirika, haki ya mtu imevunjika.

Na haki za watu unajua zilivyo. Kosa lililo baina yako na Mola wako, mlango wa toba uko wazi. Lakini lililo baina yako na fundi, au baina yako na mteja, toba yake haikamiliki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Kumbuka hadithi ya muflisi iliyomo katika Sahihi Muslim: mtu anayefika Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake, halafu wale aliowadhulumu wanalipwa kutoka humo mpaka hana kitu.

Basi kaa tusome. Biashara ya nguo ina sheria zake, za dini na za nchi, na wengi wetu tunaishi humo kama vile hakuna sheria. Nitapita milango mitano.

MLANGO WA 1: KITAMBAA CHAKO, SINDANO YAKE

Umenunua kitambaa chako, umempelekea fundi, umempimisha. Mkataba huu kwa wanavyuoni unaitwa ijara, yaani kukodi kazi ya mtu. Kitambaa kinabaki kuwa mali yako tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Fundi anauza kazi ya mikono yake, na kitambaa anakishika kama amana.

Hapo yanatoka mambo ambayo watu wanayachukulia kama mzaha. La kwanza ni mabaki. Umepeleka yadi 4, nguo imekula 3 na robo. Ile robo tatu ni ya nani? Ni yako. Kama umemwachia, ni zawadi. Kama desturi ya mtaa wenu inajulikana wazi kwamba vipande vidogo huachwa kwa fundi, basi desturi inafanya kazi hapo. Lakini fundi anayemwambia mteja "lete yadi 4" huku anajua 3 zinatosha, ili apate nguo ya mtoto wake, huyo hajaachiwa kitu. Huo ni wizi, hata kama vicheko vya kibarazani vinauita "fundi kula kitambaa".

La pili ni uzi, vifungo na zipu. Nani ananunua? Utashangaa, swali hili limo katika vitabu vya fiqhi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, amelitaja katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shafi. Kasema uzi si juu ya fundi, kisha akaeleza kwamba Imam Rafi'i amesahihisha kauli ya kurudi kwenye desturi, na desturi ikigongana, ni lazima wahusika wabainishe, la sivyo mkataba unabatilika. Tazama uzito huo. Mkataba mzima unaanguka kwa sababu ya uzi ambao hamkusema ni wa nani! Na sisi kila siku tunagombana dukani kwa fundi: "Mbona umeongeza pesa?" "Zipu nimenunua mimi." Watu walishalimaliza jambo hili zaidi ya miaka 700 iliyopita: semeni mapema.

La tatu ni kukosea mshono. Umesema kanzu, fundi kashona kitu kingine, na yeye anaapa ndivyo ulivyomwambia. Minhaj inalo jambo hilihili: mwenye nguo anasema aliagiza kamisi, fundi anasema aliagizwa joho. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mwenye nguo anasadikiwa kwa kiapo chake, hadaiwi ujira, na fundi anadaiwa fidia ya upungufu uliotokea kwenye kitambaa. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa ni chake, na ruhusa ya kukikata inatoka kwake. Anayedai kwamba ruhusa ilikuwa ya namna fulani ndiye anayehitaji ushahidi.

Lakini wewe mteja usishangilie haraka. Vitabu vya Shafi vinatofautisha maneno mawili. Ukimwambia fundi, kama kinatosha kamisi kikate, akakata kisitoshe, analipa, kwa sababu ruhusa yako ilikuwa na sharti. Ukimuuliza, je, kinatosha? Akasema ndiyo, ukamwambia kikate, akakata kisitoshe, halipi, kwa sababu ruhusa uliitoa bila sharti. Neno moja "kama" linageuza hukumu. Basi ukienda kwa fundi, pima maneno yako kama anavyokupima yeye mabega.

La nne ni kupotea na kuungua. Fundi akiunguza nguo kwa pasi kwa uzembe, analipa, hapo hapana ubishi. Lakini duka limevunjwa usiku na mlango ulikuwa umefungwa vizuri, je? Hapo wanavyuoni wametofautiana. Imam Malik kawabebesha mafundi dhamana. Abu Hanifa kasema ni amana, halipi bila uzembe, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, wakamhalifu. Na kwa Imam Shafi kuna jambo la kuzingatia sana. Mwanafunzi wake al-Rabi' amepokea kwamba Imam alikuwa anaona fundi halipi pasipo uzembe, lakini hakuwa anaitangaza rai hiyo, kwa kuchelea mafundi wabaya wataitumia.

Umeona? Imam aliona haki iko upande wa fundi, akaona pia kwamba fundi mwongo atajificha nyuma ya haki hiyo. Aliijua elimu na aliwajua watu wa sokoni. Fundi unayesema kila mara "imeibiwa", "imeliwa na panya", "kijana wangu kakosea", jua kwamba watu wa aina yako wameshahesabiwa zamani.

MLANGO WA 2: ODA NA ARBUNI

Sasa kuna namna nyingine. Huna kitambaa. Umeona abaya kwenye simu, umeandika "nataka hii, saizi 56, nyeusi", fundi au mwenye duka atatafuta kitambaa, atashona, atakuletea. Hii si ijara tena. Umenunua kitu ambacho hakijakuwepo.

Asili ya sheria ni kwamba mtu hauzi asichokuwa nacho. Ikatolewa ruhusa ya salam, kulipa bei yote mwanzo kwa kitu kilichosifiwa barabara. Na Wahanafi wakaruhusu istisna'a, kuagiza kitu kitengenezwe, kwa sababu watu tangu zamani wameagiza viatu na vyombo na hakuna aliyekataza. Mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Jeddah likapitisha azimio namba 65: istisna'a ni mkataba unaowafunga pande zote mbili, kwa masharti. Ibainishwe aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake zinazotakiwa, na uwekwe muda maalumu. Bei inaweza kucheleweshwa yote au kulipwa kwa mafungu.

Na humo humo mna jambo ambalo laiti watu wangelijua kabla ya mwezi wa Ramadhani. Azimio linaruhusu kuweka sharti la adhabu ya kuchelewa, kama pande mbili zimekubaliana, isipokuwa pale palipotokea jambo lililo nje ya uwezo. Maana yake wewe na fundi mnaweza kukubaliana hivi: nguo iwe tayari siku 3 kabla ya Idi, na kila siku inayozidi bei inapungua kiasi fulani. Hiyo ni halali. Hakuna haja ya kupiga kelele dukani usiku wa kuamkia Idi na mtoto analia pembeni.

Fundi, nakuhurumia, lakini lazima nikwambie. Kupokea oda 90 huku unajua mikono yako na ya vijana wako inamaliza 50 ni kuuza ahadi ambayo tayari unajua ni ya uongo. Ukisema "njoo Alhamisi" na moyoni unajua Alhamisi haitakuwa tayari, neno lile limeandikwa. Usiseme "ndivyo tulivyo mafundi". Hakuna madhehebu ya mafundi.

Sasa pesa ya mwanzo. Kwa Kiswahili chetu tunaiita arbuni, na neno lenyewe tumelitoa kwenye fiqhi. Umeagiza, umetoa arbuni, halafu umeghairi. Muuzaji anaila? Wanavyuoni wengi, wakiwemo Shafi, Malik na Abu Hanifa, hawakuruhusu mauzo ambayo muuzaji anaimeza arbuni bure. Imam Ahmad akaruhusu. Baraza lile lile la Fiqhi, lilipokaa Brunei mwaka 1993, likaruhusu kwa sharti la kuwekewa muda wa kungoja unaojulikana. Kwa hiyo ukitaka kutumia ruhusa hiyo, sema tangu mwanzo: ukighairi baada ya tarehe fulani, arbuni hairudi. Ukinyamaza halafu ukaila, umekula pesa ya mtu kwa sheria uliyoitunga baada ya ugomvi kuanza.

Na mteja, nawe una dhambi zako. Unaagiza, fundi ananunua kitambaa kwa pesa yake, anashona, unapigiwa simu hupokei. Au nguo ni ya kitambaa chako, imekamilika, inakaa miezi 4 kwenye kamba dukani kwa sababu hujapata ujira. Ule ujira ni deni kama deni la benki. Ukifa leo, linatoka kwenye urithi wako kabla watoto hawajagawana. Mafundi wamechoka mpaka wakabandika karatasi ukutani: nguo ikizidi miezi 3 itauzwa. Mimi naona karatasi ya ukutani peke yake haitoshi kuhamisha mali ya mtu, maana huenda mteja hata hakuiona. Iandike kwenye stakabadhi, msomee, akubali. Hapo kila mmoja ana nguvu ya kudai.

Sheria ya nchi haiko mbali na haya. Tanzania, Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo. Tatizo ni kuyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa simu kama ushahidi. Kwa hiyo andika ujumbe tu: kitambaa yadi ngapi, mshono gani, bei gani, uzi na zipu kwa nani, tarehe gani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Mola wetu ametupa aya nzima yenye urefu huo kwa jambo tunaloliona ni "kutoaminiana".

MLANGO WA 3: JINA LA MTU KIFUANI

Hapa ndipo wengi watakunja uso. Nazungumzia nguo za feki, viatu vya feki, mikoba ya feki. Mzigo unaotengenezwa ng'ambo kwa makusudi, ukabandikwa nembo ya kampuni isiyohusika, ukashushwa, ukauzwa.

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi lilikaa Kuwait likapitisha azimio namba 43: jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na ugunduzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama hizi, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Sheria za nchi zetu nazo zimesema. Tanzania Bara kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na ndiyo maana unasikia bidhaa zimekamatwa na kuteketezwa. Kenya kuna sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia, na mamlaka yake maalumu. Ni kosa la jinai, si ugomvi wa watu wawili tu.

Najua utetezi wako. Wacha niusikilize mmoja mmoja.

Unasema: "Mteja anajua ni kopi, simdanganyi." Sawa. Kama kweli umemwambia, basi haki ya mteja imesalimika. Lakini mlikuwa watu watatu katika mauzo hayo. Wa tatu ni mwenye jina, na yeye hakuulizwa. Mteja hawezi kukusamehe haki ya mtu mwingine. Na anayeliona lile vazi barabarani naye anadanganywa.

Unasema: "Wale ni matajiri wa Paris na Milano, hawapungukiwi kitu." Hebu nikupe kisa cha kwetu. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy kuwa alama yake ya biashara huko kwao. Kikoi! Vazi walilofunga mabibi na mababu wa pwani hii kabla kampuni hiyo haijazaliwa. Wafanyabiashara wa Kenya wakalalamika, wakapata wa kuwasaidia, ombi likapingwa, na mwisho likaachwa. Siku ile sote tulisema: jina letu ni haki yetu. Sasa niambie, kanuni gani hiyo inayosimama kikoi kinapoguswa, na inayolala unapobandika nembo ya mwingine kwenye fulana? Au uadilifu wetu unatazama rangi ya mwenye mali? Suratul Mutaffifin inawaonya watu wa namna hii hasa: wanaotaka kipimo kijae wanapopokea, na wanaopunguza wanapotoa.

Na usidhani jina ni anasa ya Wazungu. Mama zetu wananunua kanga kwa jina la mwenye mali. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimeandikwa "Mali ya Abdulla", na mwanamke wa pwani akiona maandishi hayo anajua kitambaa kitavumilia maji au la. Vitenge vya Vlisco, kiwanda cha Helmond huko Uholanzi kilichoanza mwaka 1846, wanawake wa Congo wanavitambua kwa maandishi ya pindoni, na wanaviweka kama akiba. Anayeyaiga maandishi hayo kwenye kitambaa chepesi hamwibii mwenye kiwanda peke yake. Anamwibia mama aliyedunduliza pesa ya harusi ya mwanawe, akanunua doti iliyochujuka mara ya pili kufuliwa.

Unasema: "Na mitumba je? Nayo ina majina ya watu." Mitumba ni tofauti, usichanganye. Ile nguo ilitengenezwa na mwenye jina, akaiuza, akapata haki yake. Aliyeinunua anaweza kuivaa, kuigawa au kuiuza. Jina lile ni la kweli. Uongo unaanza pale unapong'oa lebo ya shati zuri ukaishona kwenye shati hafifu, au unapopiga pasi nguo iliyovaliwa ukaiuza kama mpya. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta ndani mna unyevu, akamuuliza mwenyewe kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Weka tobo juu. Weka doa juu. Anayetaka atanunua.

MLANGO WA 4: JE, KUIGA MSHONO NI HARAMU?

Dada mmoja atauliza: "Basi nikipeleka picha kwa fundi nikamwambia anishonee kama hii, nimeiba?" Hapana. Elewa tofauti hii.

Kuna jina, kuna mchoro, na kuna mshono. Jina nimeshalisema. Mchoro ni yale maua na mapambo yaliyo juu ya kitambaa. Mtu amekaa akachora, na kazi yake inalindwa. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, wa Shirika la Biashara Duniani, unaitaja michoro ya vitambaa waziwazi, na unaagiza ulinzi wa michoro ya viwandani usipungue miaka 10. Kwa hiyo kiwanda kinachonakili ua la kanga ya mwenzake kikalichapa kesho yake, kimevuna shamba la mtu.

Mshono ni jambo jingine. Mkono wa kengele, shingo ya duara, kola ya kanzu, mkato wa A, haya ni ya watu wote. Marekani mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilihukumu kesi ya sare za washangiliaji wa michezo: mistari na mapambo yaliyo juu ya sare yanaweza kulindwa kwa hakimiliki, lakini si mkato wala umbo la sare yenyewe. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya New York ilimpa Christian Louboutin haki ya soli yake nyekundu, lakini pale tu soli inapotofautiana na rangi ya kiatu chenyewe. Kiatu chekundu chote, mwenzake Yves Saint Laurent anaruhusiwa kukitengeneza. Ulaya wamekwenda mbele zaidi, hata umbo jipya lisilosajiliwa wanalipa ulinzi wa miaka 3.

Rai yangu ni kwamba kuuacha mshono huru ni jambo la haki, na linakwenda na kanuni yetu kuwa asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Kama mtu wa kwanza kushona abaya ya mikono mipana angeimiliki, mjane mwenye cherehani moja pale uani angekula nini? Fundi mdogo anaishi kwa kuona na kuiga. Tusimfungie riziki yake kwa jina la sheria.

Lakini wewe unayeuza mtandaoni, usitumie rai hii vibaya. Kuiga mshono ni halali. Kuweka picha ya kazi ya mtu mwingine na kuandika "kazi yetu" ni uongo. Kuweka picha ya abaya ya Dubai halafu ukaleta kitu kinachofanana nayo kwa mbali ni ghishi, na mnunuzi ana hiari ya kukurudishia. Kama picha si yako, andika: hii ni mfano, nitashona inayofanana. Maneno hayo hayazidi sekunde 10.

Na wewe mbunifu kijana unayelalamika kuibiwa, umeshasajili jina lako? Tanzania Bara ni BRELA, na alama inalindwa miaka 7 ya mwanzo kisha unahuisha kwa miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, BPRA, na cha Bara hakikulindi Visiwani. Funga ngamia wako kwanza.

MLANGO WA 5: MIKONO ILIYOSHONA

Nimeuacha huu mwisho kwa sababu ndio unaoniumiza.

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka. Watu 1,134 walikufa, wengi wao wasichana na wanawake washonaji, katika nchi ya Waislamu. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wa viwanda vya juu waliitwa warudi kazini, na wakarudi, kwa sababu asiyerudi hupoteza mshahara wa mwezi. Nguo walizokuwa wanashona zilikuwa za majina yanayoning'inia kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Baada ya hapo sheria ziliamka. Ufaransa mwaka 2017 ikazitaka kampuni kubwa zisimamie haki za watu mpaka kwa wakandarasi wao wa mbali, na Ujerumani ikafuata kwa sheria ya 2021.

Usiseme hiyo ni Bangladesh. Kila Ramadhani, nyuma ya maduka yetu, kuna vijana wanakaa juu ya cherehani mpaka alfajiri kwa wiki 2 mfululizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku moja na nyongeza yake isizidi saa 12, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Wewe mwenye duka, kijana wako unampa nini? Unampa futari na ahadi. Kisha usiku wa Idi unahesabu faida yako, yeye unamwambia "tutaonana baada ya sikukuu".

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya kuharakisha ujira anayajua hata mtoto wa madrasa. Na katika hadithi Qudsi iliyo kwa Bukhari, mtu aliyemwajiri mwenzake, akachukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira, ametajwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wao. Soma tena. Hakusema fundi atakushitaki. Kesi ile imechukuliwa na Mola wako. Utapata wakili gani?

Basi ndugu yangu, sikutaki utupe nguo zako leo. Nakutaka mambo manne. Ukienda kwa fundi, andikianeni. Ukiuza, sema kilichomo, pamoja na aibu yake. Ukiwa na vijana, walipe kabla ya takbira za Idi. Na kama kuna fundi unamdai au anakudai, ukijua jina lake ukiwa unasoma hapa, umpigie leo kabla ya Magharibi. Dukani una mzigo wa majina ya watu? Usiagize mwingine. Biashara ya halali inaanza ndogo, lakini usiku unalala.

Na wewe unayemtazama binti wa mwenzako njiani ukaona nguo yake fupi, ukataka kumkemea, jiangalie kanzu uliyovaa. Muulize aliyeishona kama amelipwa.

Ewe Mola wetu, tuvishe vazi la uchamungu, utukinge na mali ya dhuluma juu ya miili yetu na miili ya watoto wetu, uwarehemu waliokufa wakishona ili sisi tusitirike, na uwape mafundi wetu riziki isiyo na uongo ndani yake. Amin.

Wallahu a'alam. Mwenye swali la oda, arbuni au nguo iliyoharibika, aulize hapo chini bila kutaja jina la fundi. Tunataka hukumu ya jambo, hatutaki kumvunjia mtu heshima yake.